Ushuhuda wa Direkteri

Kijiwe chao kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya kreti za bia, ukutani mwa duka la simu pale Point, chini ya ghorofa ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyejitokeza kuizika. Mzee Jecha wa Pemba alikuwa akilitenga dele lake la kahawa juu ya jiko la mkaa saa mbili asubuhi, na kufikia saa tatu ubao umeshajaa. Upande wa robot, maana taa za barabarani huko huitwa hivyo, alikaa Kapteni, jina la kuzaliwa Nasibu, mtu wa Tanga aliyeingia Durban kwa meli ambayo yenyewe haikujua kwamba imembeba. Katikati alikaa Avoka, maana yake wakili kwa Kifaransa, jina lake Peguy wa Lubumbashi, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila siku aliyopelekwa, na ambaye methali zote za Kiswahili alizijua isipokuwa maana zake. Na mwanzoni mwa ubao, mahali pa heshima, alikaa Barthélemy. Huyu kwao Uvira alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa alichunga magari kwenye maegesho ya ufukweni, na kizibao chake cha kazi, cha rangi ya machungwa, alikikunja akakikalia ili kisionekane. Mwaka ule wa tisini na tisa kijiwe kizima kilimwita Direkteri, kama wanavyoitwa wakuu wa shule kule kwao. Shule yake ilikuwa na wanafunzi wawili tu, Mireille na Prodige, watoto wake wa kuwazaa, na ilikuwa nyumbani kwake, ghorofa ya nne.

Jumatano hiyo aliyeanza ni Kapteni. Alikuwa amemwita mtoto wa jirani yake, mtoto wa Kitanzania kabisa, baba Mdigo mama Msambaa, na mtoto akaitikia kwa Kizulu.

— Yebo! Kapteni alipiga paja. Mimi namwita kwa heshima zangu zote, ananijibu yebo kama nimekuja kumuuzia nyanya. Jamani, shule hizi zinatumalizia watoto.

— Si shule, ni mkate, akasema Avoka.

— Mkate gani tena?

— Ule wa siagi ya karanga. Watoto wanapewa pale shuleni kila siku, bure. Weye Kapteni, uliona wapi serikali inakupa kitu bure? Iko dawa ndani. Mtoto anakula mwaka moja, Kiswahili inamtoka kwa jasho. Mwaka ya pili, anasahau jina ya bibi yake.

— Mimi mkate huo nimeula, akasema Mzee Jecha, akipuliza mkaa. Kuna mtoto alinimegea.

— Na ulisikia nini?

— Utamu.

— Unaona! Avoka akasimama kabisa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ule mkate unatembezwa darasa kwa darasa!

Kapteni alicheka mpaka kahawa ikampalia. Barthélemy naye akatabasamu, ila hakucheka, maana alijua maneno haya yanaelekea wapi. Kila asubuhi yalielekea huko huko. Wangeanza na bei ya mchele au na mpira, wangezunguka weee, na mwisho wangemfikia yeye na kumvika kilemba cha ukoka.

— Ndiyo maana mi namheshimu Direkteri, akasema Avoka. Huyu aliona mbali. Akatoa watoto, akafunga mlango, akasema shule ni hapa na msingi ni Yesu. Bas.

— Hebu tuambie tena, Direkteri, akasema Kapteni. Mimi Mwislamu, tena wa jina, lakini ile hotuba yako hunikamata hapa.

Barthélemy aliweka kikombe chini. Hakupanga kusema, lakini sauti ya darasani ilikuwa bado inaishi ndani yake, na ikiitwa tu, inatoka.

— Bon. Nyumba unaanza kujenga na nini? Msingi. Sasa wao huko wanaanza na madirisha. Wanamfundisha mtoto kujumlisha kabla hajajua nani amemuumba. Hesabu bila Mungu inazaa mwizi anayejua hesabu. Kwangu mimi, asubuhi ni sala, halafu Neno, halafu ndiyo daftari. Neno linasema uwafundishe wanao ukiwa umekaa nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Haikuandikwa popote kwamba kazi hiyo umpe mtu mwingine.

— Vraiment, akasema Avoka.

— Mashallah, akasema Kapteni, kashasahau wanazungumzia dini ipi.

Na usidhani Barthélemy alikuwa mnafiki wa kawaida. Maneno yale aliyaamini, aliyaamini mpaka mifupani, na hicho ndicho kilichomtesa. Angekuwa hayaamini, angekunywa kahawa yake kwa raha zake kama walaghai wengine wote wa mji huu.

Tatizo lilianzia kanisani. Kwenye ukumbi wao wa kukodi, juu ya duka la fanicha, walikuwa na desturi ya kushuhudia kwa imani. Mtu anayetafuta kazi husimama Jumapili akashukuru kwa kazi aliyopata, na hajaitwa popote. Mgonjwa hushukuru kwa kupona huku anakohoa. Wanasema Mungu akishasikia shukrani zako mbele za watu, hawezi kukuacha uaibike. Basi Jumapili moja ya mwezi wa Machi, Barthélemy naye alisimama, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba Bwana amemwagiza awatoe watoto katika shule ya dunia. Kwamba nyumba yake sasa ni shule. Kwamba kila asubuhi wanaanza na Neno, ndipo hesabu, ndipo Kiingereza. Na kwamba Mireille wake anasoma Biblia ya Kiingereza bila kukwama. Siku hiyo alikuwa bado hajanunua hata chaki. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, Pasta Ezéchiel akalia machozi, na mkewe Barthélemy, Godelive, akacheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Chaki alinunua Jumatatu. Mkewe alipokwenda saluni kwenye kazi yake ya kusuka, akawapanga watoto ukingoni mwa kitanda, wakaimba, wakaomba, akawasomea Neno akalieleza, na nikwambie ukweli, kwa saa nzima ile nyumba ilikuwa shule kwelikweli. Kisha ikaja zamu ya Kiingereza. Uvira alifundisha kwa Kifaransa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuelekeza gari lirudi nyuma. Akaandika kwenye kipande cha ubao alichokiegemeza ukutani. Mireille, mwenye miaka kumi, akanyoosha kidole kwa adabu. Papa, hapo si hivyo. Akaja mbele, akafuta kwa kiganja, akaandika inavyotakiwa, akarudi kukaa. Katika miaka yake yote ya ualimu, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumfutia ubao. Akawaambia wapumzike. Siku ya pili waliimba tu. Siku ya tatu akawaambia wajisomee, akashuka kijiweni mara moja kupata kahawa, na ile mara moja ilikuwa bado haijaisha mpaka leo hii ya Agosti. Hata kisingizio cha kazi hakuwa nacho, maana magari ya ufukweni huanza kujaa mchana.

— Na hamjasikia bado la mwaka elfu mbili, Kapteni alikuwa anasema. Ikifika tu saa sita usiku, kompyuta zote za dunia zinakufa. Zimefundishwa kuhesabu mpaka tisini na tisa, basi. Ndege zitadondoka, meli zitapotea, nyinyi subirini.

— Na shule? akauliza Mzee Jecha.

— Shule je, mzee wangu! Majina ya watoto wote yamo ndani ya kompyuta. Kompyuta ikifa, mtoto hakusoma. Kafutika! Atarudishwa chekechea na ndevu zake.

— Eish! akasema Avoka.

— Sasa nani atabaki? Asiyeandikwa popote. Mireille! Januari nchi nzima itamtafuta mtoto mmoja anayejua kusoma bila kompyuta, na watamkuta hapo juu, ghorofa ya nne, kashika Biblia yake. Wanamfanya waziri papo hapo.

— Waziri wa nini?

— Wa elimu, mzee, wa nini kingine?

— Elimu ni bahari, akasema Avoka kwa uzito, akinyoosha kidole upande wa ufukweni, na bahari ile pale, haina geti haina ada. Tena walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Unaelewa, Direkteri? Usijichoshe. Weye ukichoka, ulimwengu mzima unakuja kukusaidia kazi.

Kicheko kiliwashinda hata wasichana wa duka la simu. Barthélemy alicheka kuliko wote, na huku anacheka akaisikia aibu inampanda kutoka kifuani hadi masikioni. Akainama chini kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Alipoinuka, mbele yake alisimama mwanamke. Alivaa gauni la kitenge na kofia ya sufu, na mkoba alikuwa ameubana kifuani kwa mikono miwili, kama wafanyavyo watu wanaokanyaga Point kwa mara ya kwanza.

— Shikamoo, mzee, alimwambia Jecha.

— Marahaba, mwanangu.

— Bwana asifiwe, akawaambia waliobaki.

— Amina, wakaitikia wote, Kapteni akiwemo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akasema Avoka, akasogea kumpisha.

— Namtafuta Mtumishi Barthélemy. Hapo dukani wameniambia nitampata hapa.

— Ndiye mimi, mama.

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. Akampa mkono, akainama kidogo, kama anamsalimu mchungaji.

— Mimi naitwa Sia. Kwetu Moshi, hapa nakaa Greyville, mume wangu yuko kiwandani kule Mobeni. Mtumishi, nilikuwa mgeni kanisani kwenu siku ile ya Machi uliposhuhudia. Ile habari imekaa na mimi tangu siku hiyo. Nikipika ninayo, nikilala ninayo.

Mzee Jecha akampa kikombe. Sia akakishika bila kunywa.

— Nina wawili, wa kike na wa kiume, kama wako. Nikawa najiuliza, hivi mimi nawapa nini hawa? Asubuhi nawavalisha, jioni nawalisha, wanasali mbio mbio wanalala. Mungu wanampata Jumapili tu, tena wana usingizi. Nikasema, kama yule baba ameweza, naye ni mkimbizi, hana mbele wala nyuma, mimi nazuiwa na nini?

— Umefika, mama! akasema Avoka, ambaye sifa za rafiki yake alizihesabu kuwa mali ya kijiwe. Ile mtoto Mireille inasoma Kiingereza mpaka Wazungu wanasimama kusikiliza.

— Mdogo naye, akadakia Kapteni, asikubali kuachwa nyuma. Vitabu vyote vya Biblia anavitaja kwa kichwa. Kwenda na kurudi!

— Hesabu je? akauliza Sia, macho yanang'aa.

— Usiseme! Akikosa namba ya kujumlisha anajumlisha magari dirishani.

Lingetosha neno moja. Acheni. Barthélemy alilisikia neno hilo linapanda, likafika mpaka kwenye meno, likageuza. Badala yake akatikisa kichwa polepole, kwa unyenyekevu, kama mtu asiyependa sifa. Hilo la unyenyekevu ndilo lilimchoma zaidi alipolifikiria baadaye.

— Mungu ni mwema, akasema Sia. Sasa nisamehe, Mtumishi, mimi sikuja kupiga soga, nimekuja kujifunza. Mnaanza saa ngapi?

— Saa mbili.

— Na mnamaliza?

— Saa sita. Sita na nusu.

— Kila siku?

— Kila siku! akajibu Avoka.

Sia alikuwa anayapanga moyoni, midomo inatembea. Kisha akatupa jicho kwenye saa ya ukutani ya duka la simu.

— Sasa hivi ni saa nne na kitu. Kwa hiyo saa hizi wako na nani?

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama mtu anayefundishwa ugali, akataka kujua chumvi inatiwa au haitiwi. Kapteni akatazama robot, ikawa nyekundu, ikawa kijani, na bado anaitazama.

— Wako na Roho Mtakatifu, akajaribu Avoka.

Mzee Jecha akachokoa mkaa.

— Hata sisi chuoni, kwenye Kurani, akasema Mzee Jecha taratibu, mwalimu akitoka nje kutema mate tu, humwacha mkubwa wa chuo.

— Wako na mama yao? akauliza Sia, akimsaidia.

— Mama Mireille? akasema Kapteni, na ulimi wake ukakimbia kabla akili haijaamka. Si yuko saluni, nimempita pale asubuhi anasuka...

Sasa wote walikuwa wanamtazama Barthélemy, na yeye aliusikia ufunguo wa nyumba mfukoni, unamchoma paja, kitu kidogo cha chuma ambacho kila asubuhi alikibeba bila kukihisi.

— Peke yao, alisema.

— Samahani?

— Wako peke yao. Nimewafungia kwa nje. Ufunguo huu hapa.

Akautoa, akauonyesha. Hakuna aliyemwomba auonyeshe. Pengine aliona maneno yake matupu hayatoshi tena kuaminiwa.

— Na masomo? akauliza Sia.

— Hakuna masomo, mama. Yalikuwepo siku moja.

— Siku moja.

— Siku moja.

— Lakini ulishuhudia. Mimi nilikuwepo. Ulisema yote hayo yanafanyika.

— Nilishuhudia kwa imani.

Sia alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua.

— Sikujua kama kuna namna hiyo, alisema. Kwetu ushuhuda ni kitu kilichokwisha kutokea.

Avoka akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ubao ule uwekwe pale, methali haikuja. Akaufunga.

— Niulize moja tu, Mtumishi, akasema Sia. Bwana alikuagiza uwatoe, au hakukuagiza?

Barthélemy akakivuta kile kizibao alichokikalia, akakiweka magotini, mbele ya watu wote.

— Nilikwenda kumchukua Mireille shuleni. Nilikuwa nimetoka kazini mara moja, nimevaa hiki. Nikampungia mkono. Rafiki yake akamuuliza, yule ni nani? Mireille akasema, yule anachunga magari. Akaendelea kutembea. Hakusema uongo, mama. Ni kweli nachunga magari. Lakini usiku sikulala. Nilikuwa mwalimu, wazazi wa watoto walikuwa wananivulia kofia njiani. Nikasema mtoto wangu hatarudi pale akaendelea kunionea aibu. Jumapili yake ndiyo nikasimama. Aibu ilikuwa yangu, nikamsingizia Mungu.

Kapteni alikuwa anamjua Barthélemy kwa miaka, kaazima hata viatu vyake, na hakuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo isiyo na sauti ya darasani ndani yake. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

Sia aliweka kikombe chini. Kahawa ilikuwa haijaguswa.

— Mimi wangu niliwatoa Ijumaa, alisema.

— Umewatoa?

— Niliwatoa. Mwalimu mkuu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, kuna mtumishi mmoja Point ametutangulia. Saa hizi wako kwa jirani. Wameoga, wamekaa mezani, wananisubiri nirudi na utaratibu.

Barthélemy alikuwa anadhani ameshafika chini kabisa. Kumbe kulikuwa na ngazi nyingine. Kuwafungia watoto wake mwenyewe alikuwa ameshajizoesha, mtu huzoea hata kidonda. Lakini watoto wa watu, wa huko Greyville, ambao hakuwahi hata kuwaona, wameoga wamekaa mezani kwa sababu ya mdomo wake! Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na ubao.

— Warudishe, mama. Nakuomba. Warudishe leo.

— Alisema nafasi zao atazishika mpaka mwisho wa wiki.

— Basi nenda sasa hivi.

— Nakwenda.

Sia akasimama, akaubana mkoba wake kifuani. Alikuwa amekasirika, ila kwa ile hasira ya watu wa kanisa, ambayo sauti inashuka badala ya kupanda.

— Mimi sijaacha kutaka, Mtumishi. Nitajipanga, nitajifunza, nitatafuta vitabu. Pengine mwakani nitawatoa tena, na msingi utakuwa Mungu yule yule, hilo halibadiliki. Lakini msingi peke yake mvua inaunyeshea. Hakuna anayelaza watoto juu ya msingi.

Akamshukuru Mzee Jecha kwa kahawa. Alikwishapiga hatua kuelekea robot, akageuka.

— Na wako, je?

Barthélemy aliurudisha ufunguo mfukoni. Mzee Jecha, ambaye kwa umri wake angeweza kujibu, alikuwa anasuuza vikombe vilivyokuwa safi. Sia alingoja kidogo, akaona hapatoki kitu, akavuka barabara.

— Direkteri, akasema Avoka baada ya muda, na safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida. Mi na weye tunasali pamoja. Jumapili utasema nini?

Kanisani kwao kulikuwa na wimbo wa kumsindikiza anayekwenda mbele kushuhudia, ngoma na makofi. Kulikuwa na wimbo wa kumrudisha akimaliza. Wimbo wa kumsindikiza anayekwenda kuufuta ushuhuda wake haukuwepo. Atatembea kimya, hatua zake zinasikika kwenye sakafu ya mbao, Godelive yuko safu ya pili anamtazama.

— Jamani, kahawa imekwisha, akasema Mzee Jecha, akalifunika dele.

Haikuwa imekwisha. Mvuke ulikuwa bado unatoka mdomoni mwa dele, na kila mtu aliuona. Lakini hakuna aliyebisha. Kapteni akainuka, akakumbuka ana shughuli bandarini. Avoka akasema sharp, ile kwaheri ya mjini huko, akaingia duka la simu ambako hakuwa na mtu wa kumpigia. Barthélemy akabaki na ubao mtupu, kisha naye akainuka.

Alipanda ngazi ghorofa zote nne bila kupumzika. Alipofungua mlango, Prodige alikuwa chini ya meza anaendesha kipande cha chaki kama gari, anakitolea mngurumo kwa mdomo. Mireille alikuwa dirishani. Alishtuka.

— Papa? Umesahau nini?

— Sijasahau kitu. Vaeni viatu, tunakwenda shule.

— Shule gani?

— Ile yako. Tukawaombe. Na Prodige naye.

Mireille hakuruka wala hakucheka. Alimtazama baba yake kwanza, kuona kama ni kweli, kisha akapiga magoti, akavivuta viatu vyeusi kutoka uvunguni, akavifuta vumbi kwa mkono wa gauni. Akakaa kitandani, akaingiza mguu. Uliingia nusu, ukagoma. Barthélemy akachuchumaa mbele yake, akashika kisigino, akasukuma.

— Vinabana, papa.

— Jaribu tena.

— Haviingii. Nimekua.

Akakivua. Kweli alikuwa amekua, vidole vilikuwa vimerefuka, na yeye kila asubuhi alimuaga hapo mlangoni asivione. Akamwambia avae kandambili, watasema ukweli wakiulizwa. Bado alikuwa chini, mguu wa mtoto mkononi, Mireille alipoinama karibu na sikio lake na kuuliza kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi mwangalifu anayetaka kuhakikisha:

— Papa, mama akiuliza jioni leo tumesoma nini, niseme Zaburi tena, kama kila siku?

Hilo alimfundisha yeye mwenyewe, ile wiki ya kwanza, hapo hapo kitandani. Mama akiuliza, sema Zaburi. Lilikuwa somo pekee la shule yake, na Mireille hakuwahi kulikosea hata mara moja.

Barthélemy alitaka kuinua uso amtazame, akashindwa.

— Hapana, alisema, macho kwenye ule mguu. Leo nitamwambia mimi.